Machozi ya Mamba na Kilio cha Bibi

Juzi nilikuwa nimesimama nje ya geti la nyumba ya msiba, Mabatini, miwani yangu myeusi usoni na kitambaa cheupe mkononi, nikijiweka sawa ili niingie kwa heshima kama tunavyoingia sisi tuliojifanya watu wa mjini. Akaja mama mmoja wa umri wangu, amevuka ziwa kwa kivuko asubuhi hiyohiyo kutoka Kamanga, kitenge chake kinanuka moshi na dagaa wakavu. Hanijui, simjui. Akanishika kiwiko, akasogeza mdomo sikioni mwangu na kuniuliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Dada, marehemu alipenda kula nini?"

Nilisikia uso unawaka moto. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki karibu na geti walimsikia, wakatazamana, na mmoja akasema kwa mwenzake, wala hakujisumbua kunong'ona, kwamba leo tutaona machozi ya mamba. Wakacheka chinichini. Nilitaka ardhi inimeze. Na kabla sijamjibu yule mama, harufu ya kile kitenge chake ilikuwa imekwishanirudisha Ukerewe, utotoni, kwa bibi yangu, mahali ambapo nilijifunza aibu hii kwa mara ya kwanza.

Bibi, mama mzaa mama, ndiye aliyenilea. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya ufuko, upande wa Nansio, na ukisimama uani uliona ziwa lote hadi macho yachoke. Alilima mihogo kama wanawake wengine, lakini jina lake halikujulikana kwa mihogo. Lilijulikana kwa kulia.

Wenzangu mliokulia mbali na ziwa huenda hamjui, kwa hiyo nieleze. Kwetu mwanamke hakuingia msibani kimya. Ulianza kulia ukiwa bado njiani, nyumba ikionekana kwa mbali, ili sauti yako ikutangulie na wafiwa wajue kwamba kuna mtu anakuja na anakuja na uchungu. Wao wakikusikia wanaitikia. Unalia hadi mkekani, unaanguka, unashikwa, halafu baada ya muda unanyamaza, unapenga kamasi, unauliza ilikuwaje, kisha unakwenda jikoni kumenya mihogo na wenzako. Huko jikoni watu waliongea mambo yao, na kicheko kikija kilichekwa. Aliyeingia kimya watu walimtazama mara mbili, wakijiuliza kama si yeye aliyeua.

Bibi alikuwa na kipaji chake. Walikuwa wakimtumia watu kumwita, hata kutoka vijiji alikokuwa hana ndugu. Nilikuwa naandamana naye, nimembebea kigoda. Tulipokaribia alisimama, akakaza kaniki yake kifuani, na kama kuna mtu wa nyumba ile aliyetoka kutupokea, alimvuta pembeni na kumsaili. Marehemu aliitwaje na mama yake alipokuwa mdogo? Alipenda kula nini? Nani alikuwa akimchekesha? Aliogopa nini? Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikichezacheza. Halafu aliniambia, "Kaa nyuma yangu," na kuanza.

Jamani, kile kilio. Kilianzia chini, karibu na kuzungumza, halafu kikapanda. Alimwita marehemu kwa jina la utotoni, akamuuliza ni nani sasa atakula kile kichwa cha samaki alichokuwa akigombania na kaka yake, ni nani ataogopa radi mvua ikija. Wenye msiba waliokuwa wamekauka kwa kukesha walimwagika upya. Na Bibi mwenyewe machozi yalimtoka, machozi hasa, yakadondoka kidevuni. Jioni tuliporudi walikuwa wamemfungia chochote walichokuwa nacho, paja la mbuzi, samaki wa kukausha, unga. Tulikula. Nilikuwa mtoto, nyama ilikuwa tamu, na sikuona kitu chochote kibaya.

Ndipo nikaanza kujifunza Kiingereza.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa nyasi, si mbali na kwetu. Mwalimu wetu alitoka Bukoba. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na soksi hadi magotini, na tulimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Alikuwa amekuja na mkewe na mtoto wao mdogo wa kiume, Kaijage, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Wageni kabisa, hawana shangazi wala binamu kisiwani.

Siku moja Mwalimu aliandika ubaoni maneno ya Kiingereza, akatuambia tuyasome kwa pamoja, halafu akayageuza: machozi ya mamba. Tukacheka. Mamba kwetu hakuwa picha ya kitabuni. Maji tuliyachota ndani ya uzio wa miti iliyochimbiwa majini, na kila familia ilikuwa na mtu wa kumtaja aliyeliwa.

"Nyamazeni," alisema Mwalimu. "Hiki ni Kiingereza safi. Zamani, Wazungu wakiwa hawajazijua nchi hizi, wasafiri wao walipita kwenye mito mikubwa. Waliporudi kwao walisimulia kwamba kuna mnyama anayekula mtu, na huku anamla, analia. Wengine wakasema analia kwanza, ili umwonee huruma usogee, akukamate. Watu kule wakaamini. Mpaka leo Mwingereza akimwona mtu analia na moyoni haumwi na chochote, anasema hayo ni machozi ya mamba."

Magesa, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, alinyoosha mkono. "Mwalimu, mamba akimkamata mtu anazama naye. Hayo machozi wameyaona wapi, ndani ya maji?"

Darasa zima likaangua kicheko, na Mwalimu naye akatabasamu. "Magesa, hiyo kaulize Ulaya. Mimi nataka mfano. Nani anamjua mtu wa namna hiyo? Analia, lakini hakuna kinachomuuma, na kilio kinamletea faida."

Halafu Magesa yuleyule, wala hakunyoosha mkono safari hii, akasema, "Bibi yake huyu." Akanionyesha kwa kidole. "Analia misiba ya watu wote. Hata asiowajua. Anarudi na nyama."

Mwalimu hakumjua Bibi wakati huo. Nasema hivyo kwa haki yake. Aliuliza ni nani, wakamweleza kwa pamoja, kila mmoja akiongeza lake, na mmoja akaigiza namna Bibi anavyosimama kukaza kaniki na kuuliza maswali kabla ya kulia. Mwalimu alicheka hadi akavua kofia yake. Akageuka ubaoni, akaandika sentensi ya Kiingereza yenye bibi mzee na mamba ndani yake, nasi tukainakili kwenye vibao vyetu. Nami niliinakili. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, alinisifu.

Tangu siku hiyo nikawa mjukuu wa mamba. Na ubaya wake ni kwamba nilianza kuwaamini. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, maswali yale pembeni, kile kinywa kinachochezacheza, halafu machozi, halafu kicheko cha jikoni, halafu nyama. Kila kitu kililingana na alichosema Mwalimu. Nyama ya msiba ikawa hainipiti kooni. Bibi aliponiita nibebe kigoda nilisema kichwa kinauma, na alipokuwa ameondoka nilikaa nyuma ya nyumba nikiomba upepo usilete sauti yake hadi shuleni. Nilimwonea aibu bibi yangu, mtu aliyenitafunia chakula nilipokuwa sina meno. Hakuna siku niliyomchukia, mnielewe. Nilitamani tu angekuwa bibi wa kimya.

Haikupita muda tukawa tunatoka gulioni mimi na yeye, na watoto wa shule wakatukuta njiani. Wakaanza kuimba yale maneno kwa Kiingereza, wakipangusa macho na kujipiga vifua. Bibi alidhani wanamsalimu. Akasema, "Marahaba wajukuu." Wakazidi kucheka, wakakimbia.

"Wanasema nini hao?" aliniuliza.

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Aliuliza tena, na Bibi hakuwa mtu wa kuuliza mara ya tatu. Nikamweleza, kama nilivyofundishwa, tangu wasafiri wa mitoni hadi ubaoni.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, vilevile alivyokuwa akiwasikiliza wafiwa. Mwishowe akasema, "Mwingereza ameniona wapi mimi?"

"Si Mwingereza, Bibi. Ni Mwalimu ndiye aliyeandika."

"Ameandika kwa chaki?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watoto wote?"

"Ndiyo, Bibi."

Akachukua kikapu chake, akakiweka kichwani, akatangulia. Alikuwa akimheshimu Mwalimu kuliko padri. Kama mtu aliyesoma kiasi kile, kutoka nchi ya mbali, aliona kwamba kilio chake ni cha mnyama, basi huenda alikuwa hajijui. Hilo hakulisema kwa mdomo. Nililiona jioni ile alivyokaa jikoni moto umezimika, anajitazama viganja.

Halafu Kaijage akashikwa na homa. Aliugua asubuhi, na haikuchukua muda, akafa.

Wanawake wa kijiji walikusanyika njiani wakimngoja Bibi awatangulie, maana nyumba ya ugenini ndiyo inayohitaji sauti kuliko zote. Bibi alikuja. Mimi nilikuwa naye, na safari hii sikusingizia kichwa. Nilimsubiri asimame, akaze kaniki, amvute mtu pembeni. Hakusimama. Alipita akaingia mpaka ndani ya ua, kimya, akakaa mwisho kabisa wa mkeka kama mtu aliyekuja kuazima jiko.

Mwanamke mmoja alimsogelea. "Mama, tunakungoja wewe."

"Lieni," alisema Bibi.

Walijaribu. Walilia ovyoovyo, huyu huku yule kule, hawamjui mtoto, hawajui wamwite nani, na kilio kikafa chenyewe. Mama Kaijage alikuwa ndani akilia peke yake kwa Kihaya, akinyamaza kidogo kusikiliza nje kama kuna anayemwitikia, kisha anaanza tena. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kaptura yake ya kaki, haijapigwa pasi. Bibi alimtazama mara moja, akainamisha macho. Nikajua anaogopa. Bibi yangu, ambaye hakuogopa maiti, alimwogopa yule mwenye chaki. Mtoto akazikwa katika ukimya ule, na udongo ulisikika kila ulipoanguka. Tulipotaka kuondoka walitupatia ndizi, na Bibi akazikataa.

Siku kadhaa baadaye nilibaki nyumbani, nimesema tumbo linauma. Nilikuwa nachambua mboga uani Bibi akimenya mihogo, nikamwona Mama Kaijage anakuja peke yake, hana mtoto mgongoni, na mikono yake hajui aiweke wapi. Kihaya na Kikerewe ni ndugu, hivyo walisikilizana wenyewe kwa wenyewe, na mimi nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimekuja kuuliza," alisema. "Watu wananiambia wewe unawalilia wote. Mvuvi aliyeletwa na maji, hana jina, ulimlilia. Wangu hukumlilia. Ni kwa kuwa sisi ni wageni?"

Bibi aliweka kisu chini. Angeweza kumwambia, mume wako ndiye aliyeniziba mdomo. Hakumwambia, si siku ile wala siku nyingine yoyote, na ninavyojua mimi, yule mama aliondoka kisiwani hajui. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeshika majani ya mboga mkononi, nimekaa hatua chache kutoka kwake, na kile kibao changu chenye mwandiko mzuri kilikuwa ndani kwenye mfuko.

"Sikumjua," alisema Bibi mwishowe. "Niliogopa kumlilia mtu nisiyemjua. Nitajie habari zake. Ulikuwa ukimwitaje mkiwa wawili?"

Mama Kaijage akamwambia.

"Alipenda kula nini?"

"Senene wa kukaanga. Kaka yangu alitutumia kutoka Bukoba, akawa analia kila asubuhi anawataka. Wakaisha, na bado alikuwa anaonyesha ile chupa."

"Aliogopa nini?"

"Kuku. Yule jogoo wa jirani." Na hapo akacheka, kicheko kidogo cha pua, huku machozi yakiwa tayari yanashuka. "Na meli ikipiga honi gatini alikuwa anaiitikia. Alidhani inamwita yeye. Kila ikija, anasimama mlangoni, anaitikia."

"Basi," alisema Bibi. "Huyo nimemjua."

Akasimama, akakaza kaniki yake pale penye maganda ya mihogo, mchana kweupe, msiba ukiwa umekwisha na mikeka imekunjwa, akaanza. Sijasikia tena kilio kama kile. Alimwita kwa lile jina la wawili. Alimuuliza jogoo sasa atamfukuza nani. Aliiuliza meli, ikija Nansio ikapiga honi, ni nani ataiitikia. Mama Kaijage alimwangukia begani, na safari hii kila alipolia kulikuwa na wa kumwitikia, na kilio chake kikapata pa kutua.

Majirani walikuja mbio, wengine na majembe mkononi, wakidhani kumetokea msiba mpya. Shule haikuwa mbali. Mwalimu alifika ameshika kipande cha chaki, wanafunzi nyuma yake, na akasimama penye uzio wa minyaa. Alisikia jina la mwanawe. Sijui kama alimtambua Bibi kwanza au jina kwanza. Alikaa chini mavumbini, na kaptura yake, mbele yetu sote, akalia kwa sauti.

Magesa alisogea nilipokuwa. "Nani amekufa?"

"Kaijage."

"Si alishakufa?"

Tulisimama pale, yeye na mimi, na hakuna mtoto hata mmoja aliyecheka.

Baada ya hapo hakuna aliyeniita mjukuu wa mamba, na Bibi aliendelea kuitwa misibani hadi sauti yake ilipokwisha. Mtadhani nami nilipona. La. Aibu ikishaingia kwa mtoto haitoki kwa kuonyeshwa kosa lake. Nilikwenda kusoma bweni, nikafundishwa kulia ndani ya kitambaa, nikaolewa mjini, nikanunua miwani myeusi. Nimezika watu wengi kimya kabisa, na watu wamenisifu kwa kujikaza.

Sasa niko pale Mabatini, kwenye geti, na yule mama wa Kamanga amenishika kiwiko bado. Aliyelala mle ndani alikuwa rafiki yangu. Tulilea watoto wetu ukuta kwa ukuta, tumekopeshana chumvi na siri. Vijana wananitazama. Nikamjibu, ingawa kwa kunong'ona na macho nimeyaelekeza pengine, ili wasione kwamba tuko pamoja. Nikamwambia alipenda viazi vitamu vilivyolala, vya jana, na chai ya rangi. Nikamwambia jina ambalo mama yake alikuwa akimwita. Nikamwambia alikuwa anaogopa lifti na kwamba alipokuwa akicheka alikuwa anaishika meza.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikichezacheza.

"Basi nimemjua," alisema. Akakaza kitenge chake. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akageuka. "Na wewe ni nani wake?"

"Rafiki yake," nikasema. "Rafiki yake sana."

Alinitazama usoni, chini ya ile miwani, ambako kulikuwa kukavu.

"Na unaingia hivyohivyo?"

Akainua sauti, akaingia analia, anamwita rafiki yangu kwa jina la mama yake, na humo ndani watu wakaanza kumwitikia. Nikaingia nyuma yake, hivyohivyo.